Mabaki ni ya Fundi

Mwenyekiti alinyoosha kidole, akakigusisha kwenye bega la gauni la Mama Vipande, akasema kwa sauti ya mtu anayefungua mkutano, "Hiki kitambaa mbona nakijua?"

Ukumbi wa kikundi cha akina mama wa mtaa ulikuwa umejaa, vikombe vya chai mikononi, na kikao hata hakijaanza. Mama Vipande alicheka, maana alidhani ni utani. Kitambaa kilikuwa cha Mwenyekiti kweli. Alikuwa amemshonea sketi na koti, kikabaki kipande cha kutosha bega moja na kola, naye akakiunga na cha zambarau kilichobaki kwa nesi na cha mistari kilichobaki kwa mwalimu wa chekechea. Ndivyo alivyojivalisha miaka yote, na ndivyo alivyopata jina lake. Ukimtazama kwa makini ungeweza kuwataja wateja wake wote kuanzia shingoni hadi magotini, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kulicheka jambo hilo.

"Kumbe kilibaki kingi hivi," Mwenyekiti akaendelea, akilivuta bega lile kama mtu anayechagua nyanya sokoni. "Na mimi nikaambiwa hakitoshi sketi ndefu. Akina mama, muwe mnauliza. Fundi wetu anavaa jasho letu."

Watu wakacheka. Si wote, lakini waliocheka walitosha.

Sasa haki iko wapi hapo? Kila mtu aliyewahi kupeleka kitambaa kwa fundi anajua kwamba mabaki ni ya fundi. Haijaandikwa popote, lakini inajulikana kama inavyojulikana kwamba ukoko ni wa mpishi. Kuhusu ile sketi ndefu, ukweli ni kwamba Mwenyekiti ana mkono wa birika. Alinunua kitambaa kidogo kuliko alichoambiwa, akitumaini mkasi utafanya miujiza. Kipande cha bega hakiwezi kurefusha sketi, na hilo hata mtoto anaweza kukueleza. Lakini Mama Vipande alipofungua mdomo kulieleza, Mwenyekiti alikwisha kugonga meza na kuanza ajenda. Fundi alikaa na bega lake kikao chote, uso ukimwaka, asisikie neno hata moja la yaliyosemwa.

Alishonea nyumbani, chumba cha mbele, cherehani ikiwa chini ya dirisha ili apate mwanga bure. Upande wa pili wa meza alikaa wifi yake, dada wa mumewe, aliyerudi kwa kaka yake baada ya ndoa kumshinda. Wifi alikuwa mtu wa vifungo na matundu yake, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko sindano yoyote iliyokuwa mle ndani. Wawili hao walitaniana mchana kutwa, na kazi ilikwenda.

Baada ya kikao kile kazi iliendelea kuja, ila ilikuja na macho. Wateja waliozoea kuacha kitambaa mlangoni na kwenda zao sasa waliomba kiti. Walikaa, wakautazama mkasi. Mama wa mapacha, jirani aliyeshonewa tangu nguo zake za ujauzito, alishika ncha ya kitambaa chake wakati kinakatwa, asiiachie. Bibi mmoja alikuja na mfuko wa kutilia mabaki, akayaokota hadi yale ya pembeni yanayofaa kufutia mafuta ya cherehani.

"Na nyuzi je?" wifi alimuuliza yule bibi kwa adabu kabisa. "Zimo mbili tatu pale chini ya meza. Nikuchukulie?"

Bibi akasema asante, azichukue. Wifi ikabidi ainame aziokote.

Roho ilimuuma Mama Vipande kuliko angeweza kusema. Mtu anaweza kukuita mzembe, ukaenda zako. Anaweza kusema mshono wako umepinda, ukaufumua. Lakini mwizi? Yeye aliyemrudishia mteja pete yake ya dhahabu iliyonasa kwenye bitana? Jioni alimweleza mumewe, naye mumewe, mtu mpole asiyependa maneno, akapunguza sauti ya redio.

"Hasira hasara, mama watoto. Yataisha."

"Yataisha yenyewe, au nitaisha mimi kwanza?"

"Watu wanasema tu."

"Na wakisema, wengine wanajibu lisemwalo lipo. Nimewasikia kisimani, nimewasikia dukani. Methali ya wavivu hiyo. Lisemwalo linaweza kuwa halipo kabisa."

Mume akaipandisha redio. Mama Vipande akabaki anaangalia nguo zake zilizotundikwa kwenye misumari, vipande kwa vipande, na kwa mara ya kwanza hakuziona nzuri. Aliona ushahidi. Akaamua hapo hapo kwamba siku ya kikundi, ile sherehe yao ya mwisho wa mwaka ambapo kila mama huvaa kilicho bora, atavaa gauni ambalo hakuna kidole kitakachopata pa kugusa.

Gauni lenyewe alilijua. Shangazi yake, aliyemfundisha kazi, alikuwa nalo enzi za ujana wake: limebana kiunoni, vifungo vimevishwa kitambaa, kola ndogo, na sketi ya duara kamili. Shangazi akizunguka mlangoni, ile sketi ilifunguka ikamjaza mtu macho. Kipande cha mbele kilikuwa nusu duara, cha nyuma nusu duara, kila nusu imekatwa nzima. Gauni la namna ile halikubali mabaki. Huwezi kuliunga kwa bega la huyu na kola ya yule. Ama una kitambaa, ama huna.

Karatasi za kukatia alikuwa nazo bado, magazeti ya zamani yaliyokunjwa hadi yakawa laini kama kitambaa chenyewe. Kilichobaki ilikuwa kuchagua, na hapo ndipo aligundua ubaya wa kushonea mtaa mzima.

Duka la vitambaa lilikuwa refu na jembamba, majora yamesimama ukutani pande zote mbili. Mwenye duka, mzee mwenye futi shingoni, alimwona akiingia, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye kapu la vipande vya ofa.

"Leo si hivyo," Mama Vipande alisema. "Nataka cha kwenye jora."

"Cha mteja gani?"

"Changu."

Mzee akacheka kidogo, kisha akaona anacheka peke yake, akaacha. Mama Vipande akalimeza hilo pia. Kwani fundi si mtu? Kwani amezaliwa na sindano mdomoni ili avishe wenzake, yeye afunikwe na yanayodondoka?

Akaanza kuchagua. Jora la kwanza, bluu ya mawimbi: la nesi. La pili, kahawia yenye vyungu: mama wa mapacha, tena mara mbili. La tatu lilikuwa zuri mno, akalishika, akalifungua, kisha akakumbuka mapazia na vitambaa vya meza vya mke wa mchungaji. Kila alilolitaka lilikuwa limeshapita chini ya mkasi wake likiwa la mtu mwingine. Akilivaa, patakuwa na mtu atakayesema, hiki mbona nakijua. Alirudisha jora baada ya jora, hasira zikimpanda, hadi mwenye duka akauliza kama anatafuta kitambaa au anatafuta mtu.

"Natafuta ambacho hakuna mtu amewahi kununua kwako," akasema.

"Basi unataka kilichonishinda kuuza." Mzee akapanda ngazi, akashusha jora kutoka juu kabisa, akapiga vumbi. "Hiki hapa. Wanasema ni cha mapazia."

Kilikuwa pamba nzito ya rangi ya kutu, yenye majani madogo meupe yaliyotawanyika. Mama Vipande alikikunja ngumini, akakibana, akakiachia. Kilifunguka taratibu bila kushika mikunjo. Akakiinua kwenye mwanga wa mlango, hakikuonyesha mkono wake. Akakivuta kimshazari, kwa sababu sketi ya duara hukatwa kila upande, na kitambaa legelege hushuka pindo hili na kuacha lile. Hiki kilivutika kidogo, kikarudi. Mwisho akatazama majani yenyewe. Maua yenye kichwa na miguu hayafai duara, maana ukimaliza kukata nusu yake yatakuwa yamesimama kichwa chini. Haya yalilala ovyo kila upande, hayana juu wala chini.

"Nikatie cha gauni la duara kamili," akasema. "Na usinibanie."

Alirudi nyumbani amekikumbatia mbele ya kifua ili kila mtu barabarani akione kikiwa kizima. Mumewe alikuwa mlangoni.

"Kizuri. Cha mteja gani hicho?"

Alimpita, akaingia ndani. Wifi ndiye aliyejibu, baada ya kukifungua na kukitandaza mezani. "Cha dirisha la sebuleni. Wifi yangu ameamua kuvaa pazia."

"Cheka tu. Ukimaliza kucheka nitafutie chaki."

Wifi akatafuta chaki, akaleta na pasi, na hakusema tena neno pazia siku ile.

Alikata kesho yake asubuhi, mlango umefungwa. Alitandaza karatasi za shangazi, akapima, akakata nusu ya kwanza, akakata ya pili, mkasi ukienda kwa raha usiyoipata ukisimamiwa. Kisha akakata kifua, mikono na kola. Alipoinuka kunyoosha mgongo aliona kwamba mezani kimebaki kipande kikubwa, cha mraba, kizima kabisa, hakijaguswa.

Akakitazama kama mgeni asiyealikwa. Kipande kile kilikuwa cha kifua. Alikuwa amekinunua makusudi ili kifua kikatwe kwa nafasi, bila kubana. Lakini mikono yake, kwa mazoea yake, ilikuwa imepachika kifua na mikono ya gauni na kola kwenye zile pembe zinazobaki kando ya nusu duara. Ilikuwa imebana kitambaa bila yeye kuiagiza.

"Hata cha kwangu," alisema, akakaa chini. "Wifi, hata cha kwangu mwenyewe nimekibania. Mikono hii imezoea umaskini hata ukiipa jora zima."

Alikasirika kweli, na machozi yakamtoka ya hasira. Wifi alikunja kile kipande, akakiweka kwenye sanduku chini ya meza. "Kitakaa hapo," alisema. "Mabaki ni ya fundi." Wote wawili wakacheka, ingawa mmoja alikuwa bado analia.

Gauni lilikamilika. Lilitundikwa kwenye msumari wake peke yake, zile nyingine zikasogezwa. Zilikuwa zimebaki siku chache sherehe ifike, wakati Mwenyekiti alipobisha hodi, akaingia kabla ya kukaribishwa, akakaa kwenye kiti cha wateja na mfuko mapajani.

"Fundi, nimekuletea kazi," alisema. Hakuleta samahani hata ya kusingizia. Watu wa namna hii hutupa jiwe wakaenda zao wakila karanga, na aliyepigwa ndiye hukaa na donge. "Mwenye duka ameniambia unashona yale magauni ya duara ya zamani. Mafundi wengine hawayajui. Nataka la siku ya kikundi."

Akafungua mfuko. Rangi ya kutu, majani meupe.

Wifi alijichoma sindano.

"Mzee kasema hiki ndicho fundi mwenyewe alichochagua, na fundi hachagui ovyo. Nikachukua chote kilichobaki." Kisha akaliona gauni ukutani, akasimama, akalizunguka. "Eh, ndilo hili. Hivi hivi nataka. Ila siku hiyo wewe utavaa jingine, eti? Tusifanane. Unajua watu walivyo, watasema umeniibia mabaki yangu tena."

Hasira iliyompanda Mama Vipande haikuwa ya kupiga kelele. Ilimpoza hadi vidole. Mwanamke huyu alimvua heshima mbele za watu, na sasa amekuja kumvua na gauni, tena amekaa kwenye kiti chake. Angeweza kumrushia mfuko wake nje. Lakini mikono ilikuwa imeshachukua kitambaa, inakipima kwa mazoea, mkono kwa mkono, na mikono ikajua kabla ya kichwa.

"Hakitoshi," akasema.

"Unaanza tena."

"Njoo uone mwenyewe. Shika upande huo."

Akamtandazia mezani, akaweka karatasi za shangazi, akaziongeza kwa ukubwa wa Mwenyekiti, ambaye Mungu hakumnyima mwili. Nusu ya mbele ililala vizuri. Nusu ya nyuma ilining'inia nje ya kitambaa, pembe nzima ikiwa hewani. Mwenyekiti aliivuta karatasi huku, akaivuta kule. Karatasi haikukubali maneno yake.

"Basi nipunguzie upana."

"Haitakuwa duara. Itakuwa sketi kama nyingine."

"Nimeshawaambia wenzangu ni duara."

"Kanunue kingine."

"Nimekwambia nimechukua chote."

Wifi, bila kuulizwa, aliinama chini ya meza, akavuta sanduku, akatoa kile kipande, akakiweka mbele ya Mama Vipande. Mama Vipande akakifungua, akakilaza pale penye pengo. Kilifunika pembe yote.

Mwenyekiti akatabasamu. "Si unaona. Kumbe kipo."

"Kipo, na ni changu," Mama Vipande alisema. "Nimekinunua kikiwa jora, nimekikata kwa mkono wangu. Nitakuungia kwenye gauni lako, bure. Lakini siku ya kikundi utasimama pale uliponigusa bega, useme gauni lako limetimia kwa mabaki ya fundi. Na useme kile cha kwanza kilikuwa haki yangu."

"Fundi, tusifike huko. Ule ulikuwa utani."

"Hapa watu wanakuja na mifuko ya kuokotea nyuzi. Utani gani huo?"

"Na nisiposema?"

"Nitasema mimi. Na nikisema nitaonyesha na mshono ulipo."

"Unataka kunivua nguo mbele za watu."

"Mimi kazi yangu ni kuvisha, Mwenyekiti. Chagua."

Angeweza kukunja kitambaa chake aende. Aliangalia mlango, akaliangalia gauni ukutani, na tamaa ikashinda, kama inavyoshinda mara nyingi. Akasimama, akainua mikono apimwe kiuno.

Mama Vipande alishona kazi ile kwa uaminifu wote, na usidhani ilikuwa rahisi. Kulikuwa na dakika alipotamani kuacha pindo lipinde kidogo tu. Hakuacha. Alilinganisha jani na jani pale alipounga, mpaka wifi alipoambiwa atafute kiungo alikitafuta kwa kidole, jicho halikukiona.

Siku yenyewe Mama Vipande aliingia ukumbini na gauni lake la duara, wifi ubavuni. Mwenyekiti alikuwa mbele tayari, na lake. Minong'ono ikaanza safu ya kwanza, ikaenda hadi ya mwisho. Aliisikia yote. "Huyu hachoki." "Safari hii amejibakizia gauni zima." Mama wa mapacha alimtazama, akatazama chini. Shingo ilimwaka, lakini miguu haikurudi nyuma.

Mwenyekiti alifungua sherehe. Alikaribisha wageni, akashukuru waliopika, akasema sasa wataendelea na ratiba. Macho yake yalikwepa upande mmoja wa ukumbi kana kwamba upande ule haukuwa na viti.

Mama Vipande akasimama. Sketi ikafunguka kumzunguka. Watu wakageuka. Mwenyekiti alisoma ratiba mstari mmoja, akasoma ule ule tena, kisha akaiweka chini.

"Kuna jambo dogo," alisema, macho kwenye viatu vyake. "Gauni hili nililovaa, kitambaa changu hakikutosha. Fundi ameniungia kwa mabaki yake, nyuma hapa. Na kile cha siku ile kilikuwa haki yake. Hakuiba. Basi tuendelee."

Alilisema haraka na chini chini, kama mtu anayetema mbegu kwenye kiganja. Safu mbili za mbele zilisikia, zikanyamaza. Huko nyuma watu waliulizana amesema nini, na yule bibi wa mfuko alikuwa ametega mkono sikioni.

Mama Vipande hakukaa.

"Asante, Mwenyekiti," alisema. "Sasa rudia. Siku ile ulisema hadi wa nyuma wakasikia."

Mwenyekiti akainua uso, akarudia, neno kwa neno, kwa ile sauti yake ya kufungulia mikutano. Alipofika kwenye "hakuiba" wifi alisema "Tumesikia" kwa niaba ya ukumbi mzima.

Ndipo Mama Vipande akakaa. Sketi ikajaa kiti chake na nusu ya kiti cha wifi, na wifi hakuisogeza.